Mkia Mwekundu na Mkia wa Damu ya Mzee

Nilisikia lori likirudi nyuma, ule mlio wake wa tii, tii, tii, nikaruka hadi ukutani. Hakukuwa na lori. Kulikuwa na kasuku wawili katika kizimba kimoja, uani kwa mjomba wangu pale mtaa wa Wabera, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akiliiga.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya serikali za kaunti, wakubwa wapya walipoanza kutaka kasuku sebuleni. Mjomba, msafirishaji wa ng'ombe, aliwapata hawa kwa dereva mwenzake, akaamua kuwazalisha. Akaniita mimi, mwandishi wa familia, nimwandikie barua ya kuomba kibali, niseme ni dume na jike.

Niliwatazama mpaka harufu ya kinyesi na njugu zilizooza ikanikaa kooni. Mkubwa alikuwa na rangi ya majivu, mdomo mweusi mtupu, mkia mwekundu wa pilipili iliyoiva. Mdogo alikuwa na kijivu kizito zaidi, mdomo wa juu umeingia weupe wa mfupa, mkia wa damu ya mzee. Nilikuwa nimesoma habari zao. Ni ndugu wa karibu, lakini aina mbili, kila moja na msitu wake: mmoja wa Kongo, mwingine wa magharibi ya mbali kabisa, na wote wanamalizwa kwa kunaswa. Huyu mdogo alikuwa amenyofolewa na mwenzake manyoya ya kifua kizima. Ngozi ilikuwa na vipele, kama ya kuku aliyetoka kwenye maji ya moto.

Nilimwambia mjomba kwamba hawa ni aina mbili, si jozi ya kuzalisha. Alicheka hadi akakohoa. Alikuwa akinunua mifugo Garbatulla kabla sijazaliwa, akasema, na siku zote mdogo ndiye jike.

"Mtu hajawahi kuchagua hata mbuzi, ndiye anifundishe jike?"

Nikamsihi awatenganishe, mdogo asije akauawa.

"Andika kwanza. Tutawatenganisha baadaye."

Nikaandika. Mimi ninayejivunia kila sentensi yangu, niliandika kwa mwandiko mzuri kwamba ni dume na jike, nikidhani nanunua uhai wa ndege. Mjomba aliisoma barua, akaikunja, akaitia mfukoni. Niliposhika komeo la kizimba, aliuondoa mkono wangu taratibu.

"Umeandika mwenyewe kwamba ni mume na mke. Mkaguzi wa kibali akija awakute vyumba viwili?"

Mkubwa alikuwa ameanza kumsogelea mwenzake pembeni. Nilitoka nikitema mate, wino ungali kidoleni, na lile lori likirudi nyuma tena. Mjomba akafunga mlango wa bati nyuma yangu.