Moto Ulitoka Jikoni Kwetu

Uvumilivu wangu uliisha siku ya wazazi, binti yangu wa darasa la nne aliposimama na kukariri kwamba kijiji chetu, hapa nje ya Kitale, kilianzishwa na babake mwenyekiti wa shule. Watu wakapiga makofi. Nikainuka na mtoto mgongoni, nikasema huo ni uongo.

"Wewe mama, keti. Hii si soko ya Tuwan," mwenyekiti akasema.

"Nitaketi. Lakini babu yangu umemketisha wapi?"

Watu wakacheka. Akasema ati mimi ni mtoto wa juzi, najua nini. Sasa wacha nikuambie ninachojua.

Babu alitoka upande wa Kibabii, Bungoma. Wakoloni walimfunga kwa kuitisha mikutano ya uhuru, na alipotoka goti moja halikukunjika tena. Bendera ilipobadilishwa, akakusanya majirani wasio na shamba, wakaja kwa miguu hadi shamba hili aliloacha mzungu. Nyanya alibeba kaa la moto kwenye chungu kilichopasuka, akililisha magunzi njia nzima lisizime.

Mimi nilimjua babu akiwa mzee mkali, anayekula ugali wa wimbi na mrenda bila kuongea, redio ikikoroma kando yake. Hakupenda kuitwa shujaa. "Uhuru ni kupika kwa moto wako," alikuwa akisema, kisha anakutuma kuni.

Ndiyo maana hapa hakuna aliyefungua nyumba mpya kwa kiberiti. Ukishajenga, ulikuja jikoni kwetu asubuhi na mkebe, ukapewa kaa. Kazi yangu ilikuwa kuokota magunzi na kufukua makaa ambayo nyanya alikuwa ameyalaza chini ya majivu. Mpaka leo nikinusa maziwa yakianza kushika sufuria, naona ule moshi ukipenya kwenye nyasi za paa.

Mwenyekiti naye alikuja, bado kijana mwembamba, ameoa juzi tu.

"Kukhu, naomba moto," akamwambia nyanya.

"Babako alikuja hapa na mkebe wenye tundu, kaa likamwangukia mguuni," nyanya akamjibu. "Wako umeukagua?"

Tulicheka sisi sote, hata yeye. Kaa lile nililitia mimi kwa koleo, na aliondoka akilipuliza kama mtu anayebembeleza mtoto.

Nyanya na babu hawako tena. Jiko lilianguka mvua moja kubwa, hakuna aliyelijenga. Mimi mwenyewe napikia gesi. Nazungusha kitufe, moto unakuja bila kuomba mtu. Hakuna tena anayepita mlangoni kwetu na mkebe, na nafikiri hapo ndipo kutusahau kulipokuwa rahisi.

Jumatatu nilienda ofisi ya elimu Kitale. Karani alisoma barua yangu, akafika mwisho, akaniangalia.

"Hii ya mwisho si utoe, bana?"

Nikamwambia agonge muhuri. Akagonga. Nilikuwa nimeandika hivi:

"Mimi, mzazi wa darasa la nne, nalalamika rasmi kwamba watoto wetu wanafundishwa uongo kuhusu aliyeanzisha kijiji. Naomba jina la babu yangu lifundishwe. Naomba pia mwenyekiti awaambie wazazi, mbele ya watoto, moto wa kwanza wa nyumba yake aliutoa jikoni kwa nani. Akishindwa kusema, aurudishe."