Watu wa Miaka Ishirini Ijayo

Watu wa maji wamefika kwetu Kitengela mara nyingi kuliko maji yenyewe. Wamekuja na kamba za kupimia, wamekuja na rangi nyekundu ya kuweka alama ukutani, wamekuja na mheshimiwa akapigwa picha ameshika jembe. Waswahili husema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Sisi tulivua nguo kitambo, maji ndiyo hayajafika. Kwa hivyo siku yule msichana alipobisha lango akisema ametumwa kukadiria mahitaji ya maji ya siku zijazo, nilikuwa tayari kumrudisha alikotoka.

Mama ndiye aliyemfungulia. Mama yangu ni Mkikuyu aliyehamia huku na baba wakati ploti zilikuwa nyasi tupu na pundamilia wakipita nyuma ya choo, na ameishi na majirani Wamaasai hata salamu yao huijibu kabla hajafikiri. Msichana alisema "Takwenya," Mama akaitikia "Iko," na basi, mgeni akawa wake. Alimketisha kwenye veranda akamletea chai. Ilikuwa imepikwa kwa maji ya kununua, yale ya lori, kwa sababu maji ya kisima cha jirani yana chumvi mpaka maziwa yanakatika sufuriani na maharagwe yanagoma kuiva. Chai ya maji ya lori hatumpi kila mtu.

Msichana alitueleza kazi yake vizuri, hilo sitamnyima. Alisema bomba likishafukiwa halifukuliwi kila mwaka, ndiyo maana wanaolipanga hawaulizi tu watu wa leo, wanauliza pia watakaokuwepo miaka ishirini ijayo. Kosa la zamani lilikuwa kupima bomba kwa watu wa siku ile. Kabla udongo haujashikana, mji umeshalizidi bomba, na walio mwisho wa laini wanafungua mfereji unatoa hewa. Alikuwa na simu pana ya kuandikia majibu, na alipofika kwenye swali lenyewe, la tuko wangapi na tutakuwa wangapi, aliilaza magotini. Alijua anagusa nini. Kwetu watoto hawahesabiwi, ukiwahesabu unawaitia mkosi. Kwao, alisema, hata ng'ombe hawahesabiwi, mtu anawajua kwa sura.

"Shosho, usihesabu," akamwambia Mama. "Niambie tu majina. Wale wako hapa sasa, na wale watakuwa hapa baadaye. Mimi nitajua ni wangapi."

Niliona hiyo ni adabu nzuri, na nikaanza kumpenda. Sikujua inatupeleka wapi.

Mama alianza na jina lake, kisha langu. Tuko wawili tu katika nyumba ile. Ndugu yangu, mtoto wake mwingine pekee, alikufa kwenye barabara ya Namanga akitoka Kajiado, kabla hajaoa, na amezikwa nyuma ya ploti kando ya baba. Msingi wa nyumba aliyokuwa ameanza kujenga bado upo, mawe ya machimbo yamepangwa vizuri na majani yameota katikati. Kwa hivyo baada ya jina langu nilitarajia Mama anyamaze. Hakunyamaza. Alitaja jina la baba. Akataja lake mwenyewe mara ya pili. Kwa kila jina msichana alikunja kidole kimoja. Mama akaendelea taratibu, macho yakiwa kwenye ule msingi, na hapo nikaelewa.

Kwetu mtoto ana jina kabla hata mimba haijatungwa. Mvulana wa kwanza ni wa babu yake mzaa baba, wa pili ni wa babu yake mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Hakuna kuchagua. Kwa hiyo mwanamke kama mama yangu anaweza kuwataja wajukuu ambao hawapo, mmoja mmoja, bila kubahatisha. Alipomaliza wa ndugu yangu alikuja kwa wangu, na hata hapo hakukiuka utaratibu. Alitanguliza majina ya wazazi wa yule mwanamume aliyeniacha, kwa kuwa zamu ilikuwa yao, ndipo akaweka la baba na lake.

"Na hawa wanaishi wapi kwa sasa?" msichana akauliza.

"Bado hawajazaliwa," Mama akasema.

Nilikasirika. Siwezi kulipamba jambo hilo. Nilimkasirikia Mama, nikamkasirikia msichana, nikalikasirikia hata bomba ambalo mtaro wake haujachimbwa. Mimi nilitolewa kizazi, na ni Mama aliyekaa kando ya kitanda changu hospitalini, amepakata mkoba wangu pamoja na viatu vyangu. Alijua kila kitu. Tangu turudi nyumbani hatukuwahi kulizungumza, na sasa anawataja watoto wangu kwa majina mbele ya mtu tuliyekutana naye asubuhi hiyo. Nikamwambia msichana kwamba Mama amechoka, nikamsindikiza.

Tulipofika langoni aliniomba msamaha. Nikamwambia hana kosa. Alisema sehemu ya watu wa baadaye kwenye simu bado haijajazwa na hawezi kuiacha wazi, akaniuliza aandike nini. Nikamwambia ukweli: leo tuko wawili, miaka ishirini ijayo Mama hatakuwepo, na mimi nikiwepo nitakuwa kikongwe peke yangu, na baada yangu hakuna. Nilidhani ataandika mmoja. Badala yake alitazama ng'ambo ya barabara, pale palipokuwa na zizi la jirani na sasa pana ghorofa za kupangisha, nguo zimeanikwa kila baraza.

"Anti, usinichukie," akasema. "Lakini hii ardhi haitakaa bure. Mtu atanunua ajenge nyumba za kupangisha. Nitaandika hao."

Akaandika watu wa kujaza ghorofa nzima, wengi kuliko majina yote ya Mama, kisha akanionyesha, maana alikuwa muungwana na hakutaka kunificha. Alikuwa sahihi. Kama ningekuwa mimi ninayepima bomba, ningeandika vivyo hivyo. Bomba la upande wetu litakuwa nene. Siku maji matamu yatakapofika, watu nisiowajua watafungua mifereji hapa, wataosha vyombo, wataogesha watoto wao, na sina neno nao, kila mtu ana haki ya kunywa. Kuhusu yale makaburi mawili sikumuuliza, naye hakusema. Alipoondoka nilishikilia lango nikalia, kwa sauti ya chini ili Mama asinisikie.

Niliporudi Mama alikuwa anakusanya vikombe. Aliuliza kama yule msichana ameandika. Nikasema ameandika, na ni wengi, jambo ambalo lilikuwa kweli.

"Najua si wetu," akasema. "Mimi sijazeeka akili. Lakini tangu ndugu yako aende, na tangu wewe utoke hospitali, hakuna mtu ashawahi kuniuliza majina yao."

Nimekula naye meza moja miaka yote hiyo, nikinyamaza na kudhani kwamba ninamhurumia, kumbe ananyamaza akinihurumia mimi. Nilimpokonya vikombe nikaviweka chini. Nikaketi. Halafu nikamuuliza Mama: yule binti yangu wa pili, yule mwenye jina lake, angekuwa gredi ya ngapi sasa.

"Ya sita," Mama akajibu, hata kabla sijamaliza. "Na hesabu inamshinda, kama wewe."