Aliachiliwa Kabla ya Kupokelewa

Nilipiga meza ya mapokezi kwa kiganja mpaka mhuri ukaanguka chini. Binti yangu mgongoni akashtuka, akaanza kulia. Karani alikuwa ameniambia, bila hata kuniangalia, "Mama, mfumo unasema mtoto hayupo."

"Hayupo? Na huyu anayekulilia hapa ni wa nani? Wako?"

Wanawake kwenye benchi walicheka. Mimi sikucheka. Binti yangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu, na dawa yake ya kila siku ilikuwa imeisha. Asubuhi hiyo vidole vyake vilianza kuvimba. Kliniki hii ya Kisumu ilikataa kumpa dawa mtoto asiyejulikana na kompyuta. Nikipiga simu kliniki ya Bondo, tulikoishi kabla ya kuhamia Kaloleni, hapa Kisumu, wananiambia alishahamishwa, si mtoto wao tena. Kila siku ni jaribu kesho, mama. Kesho gani?

Nikaketi sakafuni mbele ya dirisha la karani, nikakataa kutoka. Mwishowe wakamwita kijana aliyeutengeneza mfumo. Alikuja na kompyuta kwapani, akachuchumaa karibu yangu. Kwa hilo namshukuru. Wengine wote walikuwa wakizungumza na kichwa changu kutoka juu.

Alitafuta, akatafuta tena, kisha akasema polepole, "Mama, kuhamisha mtoto ni hatua mbili. Anafutwa Bondo, halafu anaandikwa hapa. Hatua hizo zinaweza kufungwa pamoja ziwe kazi moja. Ya pili ikikataa, ya kwanza inarudishwa, inakuwa kama hakuna kilichofanyika. Lakini kompyuta haijifungii yenyewe. Ni mimi ninayeandika kazi inaanzia wapi na inathibitishwa wapi. Ikishathibitishwa, hairudishwi tena."

"Na wewe ulithibitisha wapi?"

"Baada ya kumfuta." Alijikuna shingo. "Halafu mtandao ukakatika."

"Yawa! Sasa kwa nini hukungoja?"

"Kazi moja ikiachwa wazi, wengine wanakwama nyuma yake. Mtandao wetu unajikokota. Bondo walikuwa wananipigia kelele kwamba foleni haisongi. Nikaona nithibitishe mapema, watu wasogee."

Nilimwelewa, na ndiyo maana hasira ilinipanda zaidi. Pale Kaloleni, nikienda bombani, humpitisha mtoto juu ya ukuta mfupi kwa jirani yangu. Kila mara namuuliza, "Umemshika?" Mpaka aseme, "Nimemshika," siachilii. Mikono ikiuma, iume. Foleni ya maji ikinipita, inipite.

Nikamwambia hivyo. Akasema, "Pole, mama."

"Pole haimezwi, bwana. Nipe dawa."

Akamwandika binti yangu yeye mwenyewe, palepale, na karani akaleta dawa. Nikamnywesha nikiwa bado sakafuni. Kijana akaniinamia. "Basi yameisha, mama. Usiandike malalamiko yoyote. Nitarekebisha kimyakimya."

Ningekubali, nasema ukweli. Nilikuwa nimechoka. Lakini mwanamke mmoja akainuka kwenye benchi, mwanawe mwenye macho ya manjano amemlalia begani. "Na sisi? Tumetoka Awasi, tunaambiwa hivyohivyo, hayupo."

Nikamuuliza kijana, "Wako wangapi?"

Akaitazama kompyuta yake. "Sijui."

Nikaomba karatasi kwa karani yuleyule, nikaandika, nikamkabidhi msimamizi wa kliniki mkononi na kumtaka agonge mhuri nikiona:

"Nalalamika rasmi. Binti yangu alifutwa Bondo kabla ya kuandikwa Kisumu, akakosa dawa akiwa mgonjwa. Mfumo wenu ulithibitisha kumwondoa bila kujua kama amepokelewa. Yeye amepata dawa leo kwa sababu nilikaa sakafuni. Watafuteni watoto wengine wote waliofutwa kliniki moja na hawajaandikwa nyingine, na muwatafute wazazi wao ninyi wenyewe. Anzeni na huyu wa Awasi, yuko kwenye benchi yenu sasa hivi. Na kuanzia leo, mtoto asifutwe popote mpaka anakokwenda waseme wamemshika. Ikishindikana, abaki alikokuwa. Foleni ikikwama, ikwame. Sisi tutangoja."