Kituo cha Lerchenau Hakikatwi

"Miaka mia ya ndoa, sijawahi kula keki nimekaa!" Lothar alifoka, kisahani mkononi, maana kila kiti cha sebuleni kilikuwa kimelaliwa na reli za kuchezea.

"Mia ipi? Thelathini na nane. Na jana umekula umekaa, kwa jirani. Nimeambiwa."

Mkewe, Edeltraud, hakunyanyua hata uso. Alikuwa kapiga magoti, anapima sebule mara ya tisa. Bibi huyu aliongoza treni katika kituo cha Lerchenau, huko Saksonia, Ujerumani, mpaka kikafungwa, kikavunjwa, yakabaki magugu. Sasa kastaafu, anakitaka tena, kidogo, ndani ya nyumba, kwa urefu wake wote. Shida ni kipimo. Kituo kilikuwa mita mia sita. Kwa kipimo kikubwa, moja kwa themanini na saba, kinafika karibu mita saba. Sebule ina nne.

"Si ukikate? Wenzako wote wa klabu ya treni za kuchezea wanakata. Nani atahesabu?"

"Mimi! Nikate wapi? Pale kwenye benchi nilipokukuta umeachwa na treni, unakoroma kama gunia la viazi?"

Lothar akacheka, makombo yakamruka. "Gunia lina koromeo? Haya, chukua kile kidogo, moja kwa mia na sitini. Kinaenea."

Kile walishakijaribu. Mtu wake wa plastiki hazidi punje ya harage, na vidole vya Edeltraud vilinenepeshwa na kuvuta nyenzo za kubadili reli. Jumapili alihangaika nusu saa kumsimamisha msimamizi wa kituo. Lothar akapiga chafya. Msimamizi hajaonekana tena.

"Cha katikati," Edeltraud akasema. "Moja kwa mia na ishirini. Ndicho nilichochezea utotoni. Mita tano, na sikati hata taruma moja la reli."

"Chumba ni mita nne, mke wangu. Ulikuwa unaongoza treni au mawingu?"

Edeltraud akagonga ukuta, akasikiliza, akatabasamu kama mtoto aliyeona pipi. Kisha akachora kwa penseli, juu ya karatasi ya maua ya ukutani, mdomo wa handaki la treni.

"We mama! Nyuma ya hapo ni chumbani kwetu!"

"Mita moja tu, mpenzi."

"Upande wangu wa kitanda!"

Edeltraud akamfuta krimu ya keki kidevuni, akambusu hapo hapo, akashuka ngazi kufuata keekee ya kutobolea ukuta bandani, anapiga mluzi.

"Edel! Treni ya kwanza inapita saa ngapi?"

Mluzi ukazidi kwenda mbali.