Dada alivyokataa kuandikiwa "Hapana" kwenye fomu ya bima ya Canter

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili sikusimuliwa, nilikuwa nimekaa palepale pembeni yake.

Dada yangu mkubwa, Skola, ni mjane hapa Songea. Anaendesha Canter yake mwenyewe, anabeba mahindi kutoka Lusewa kuleta mjini. Watoto wanakula na kusoma kwa gari hilo, hana kingine.

Siku hiyo alikwenda kukata bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, siyo ya third party, nikamsindikiza.

Sasa mnawajua mawakala wetu. Fomu wanajaza wenyewe, wewe kazi yako kusaini. Huyu wa Mjimwema akafika kwenye swali la kama dereva amewahi kutiwa hatiani kwa kosa la barabarani. Akaweka "Hapana" bila hata kuinua kichwa.

Dada akamwambia afute. Huko nyuma alimgonga mtu wa baiskeli kule Madaba, mahakama ikamkuta na hatia, akalipa faini.

"Dada, hapa kila mtu anaweka hapana," wakala akasema. "Ukiandika hii wanaweza kukukataa kabisa."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akanitazama tu, kisha akamgeukia wakala.

"Kila mtu hajamgonga mtu Madaba. Mimi nimemgonga. Andika."

Bima akapewa, ila ghali kuliko ya wenzake. Nilinuna njia nzima, nikamwita mlokole.

Msimu wa mvua uliopita Canter ikateleza na mzigo, ikapinduka korongoni. Dada alitoka na mkono uliovunjika. Gari halikufaa tena.

Kampuni ikatuma mpelelezi. Nawaambia, cha kwanza kufukua kilikuwa kesi za dereva.

"Ya Madaba tumeiona, na ulishaitaja mwenyewe," akamwambia. "Ungeificha, claim yako ingeishia hapa."

Wakalipa. Sasa hivi dada yuko barabarani na Canter nyingine. Aisee, huyu mwanamke namvulia kofia.

Juzi nikamuuliza kama alijua itakuja kumsaidia.

"Sikujua lolote, mdogo wangu. Niliulizwa, nikajibu."

Nilichojifunza: wakala anajaza, lakini saini ni yako. Kwa hiyo kabla hujachangia, nenda katafute fomu yako uone uliandikiwa nini. Halafu rudi utuambie, hata kama ni aibu.