Mjumbe Alikuwa Anakaanga Maandazi

Leo Jumamosi, na nawaeleza yote, hata yale ya aibu.

Nimembishia mtu mzima mbele ya mama!

Tulikwenda Mwenge kuangalia chumba. Baba mmoja aliyejiita mwenye nyumba akatufungulia, akataka kodi ya miezi sita palepale. Mama akaanza kufungua fundo la khanga.

Nikasema, "Samahani baba, tuandikishane kwanza kwa mjumbe wa nyumba kumi."

Mama akanifinya.

"Mjumbe ni Mzee Salum, kasafiri," akajibu yule baba. "Kwani mama, binti yako ni hakimu?"

Mama wa nyumba ya pili, aliyekuwa anakaanga maandazi barazani, akacheka mpaka mwiko ukamponyoka.

"Mzee Salum yupi? Mjumbe ni mie! Na wewe si fundi rangi uliyeachiwa ufunguo juzi?"

Jamani! Yule baba aliondoka bila hata kufunga mlango.

Mjumbe ametuelekeza kwa mwenye nyumba wa kweli, bibi mmoja wa Kibamba. Tunakwenda kesho, na mama amesema mimi ndiye nitakayeuliza maswali yote.

Nyie mlipopanga, mlimwomba mwenye nyumba awaonyeshe karatasi gani? Nijibuni leo hii.