Nani Anauliza Annah Yuko Wapi?

Saa nne na dakika saba asubuhi, mstari mpya unajitokeza kwenye kompyuta ya Annah Nzula, ghorofa ya tatu, Parklands. Kampuni ya nje inauliza simu fulani iko wapi. Mtandao unajibu papo hapo: karibu na mnara wa Parklands.

Nambari iliyoulizwa ni ya Annah mwenyewe.

"Ona sasa," anasema, akirudisha kiti nyuma. "Hiyo ni mimi. Mara tatu kwa siku, hata Jumapili nikiwa kwangu Kabiria."

Annah, mwenye miaka 31, ni karani katika kampuni moja ya simu. Programu za watu wa nje zikitaka kutumia mtandao huo, ziwe za kutuma ujumbe, kukata salio au kutafuta gari lililoibwa, yeye hukagua karatasi zao na kuzipa ufunguo, yaani msururu wa herufi na tarakimu. Kila ufunguo hufungua mlango mmoja tu. Kazi hiyo humlipa shilingi 34,000 kwa mwezi.

Kwanza programu hujaribiwa kwa simu ya kweli. Ya mteja haiguswi bila idhini yake, kwa hiyo makarani hutumia zao, na jaribio likiisha hufuta ufunguo.

Desemba 2007, Annah alijaribu programu ya kampuni ya kufuatilia magari, yenye ofisi Woodley. Ghasia za uchaguzi zikafunga kazi wiki mbili. Aliporudi, alidhani mwenzake amefuta. Mwenzake naye alidhani Annah amefuta.

"Ni ujinga wangu," anasema. "Nimejilaumu mpaka nikachoka."

Aligundua kwamba ufunguo ungali unafanya kazi mwezi uliopita, mwaka mmoja na nusu baadaye, alipopewa kazi ya kusafisha funguo za zamani. Alienda Woodley na msimamizi wake, Mungai. Walikuta nyumba tupu, stima imekatwa.

"Hao walihama kitambo, madam," jirani aliwaambia. "Mwenyewe tulimzika mwaka jana."

Mungai anaamini kuna kompyuta iliyosahaulika mahali, inauliza tu kwa mazoea. Annah naye aliamini hivyo, hadi Jumanne wiki jana alipougua akabaki nyumbani. Siku hiyo swali halikuja mara tatu. Lilikuja mara kumi na tisa.

Mwandishi wa makala haya aliposikia hivyo aligeuka kuangalia mlango, na haoni aibu kusema.

Ijumaa Annah ataiacha simu yake Kabiria, imewashwa, naye alale kwa shangazi yake. Kaka yake Nzomo na askari wawili watamngoja anayeuliza ndani ya nyumba, taa zikiwa zimezimwa.

"Annah, si ufunge tu hiyo kitu," Mungai anamwambia tukiwa hapo hapo.

"Nikifunga leo ataacha kuuliza, boss," anajibu, macho yakiwa bado kwenye kompyuta. "Lakini hatutawahi jua ni nani. Na kwangu ashapajua."